Kwa Nini Tunasema "Maeneo Machache"

Hotuba kwa wavuvi, wachuuzi wa dagaa, walimu na wanafunzi, Mwanza, katika wiki ya Siku ya Hali ya Hewa Duniani

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Mama zangu wa dagaa, walimu, na ninyi wanafunzi mliobanana huko nyuma, habari za mchana.

Miaka kadhaa iliyopita nilifika kwenye mwalo mmoja, pale mitumbwi inapoegeshwa, asubuhi, mvua kubwa ikiwa imepita alfajiri. Mama mmoja alikuwa amesimama juu ya dagaa wake aliowaanika mchangani tangu jana yake. Walikuwa wamelowa chepechepe. Ninyi mnajua dagaa akilowa akiwa nusu mkavu anakuwaje: anageuka rangi, anaanza kutoa harufu, na yule wa kuuzwa sokoni kwa chakula cha watu anaishia kwenye chakula cha kuku. Mama yule alijua ninafanya kazi ya utabiri. Hakunigombeza wala hakupandisha sauti. Aliniuliza: "Mwanangu, hayo maeneo machache mnayoyasema redioni, mimi nitajuaje kama ni mimi?"

Nilimpa pole, nikaondoka. Swali lake nimelibeba mpaka leo, kwa sababu ndilo swali gumu kuliko yote katika kazi yetu. Kila siku mnasikia: "mvua na ngurumo za radi katika maeneo machache." Wengi mnadhani ni maneno ya kujificha, kwamba mvua ikinyesha tumepatia, na isiponyesha tumepatia pia. Leo nataka niwaonyeshe maneno hayo yanatoka wapi. Yanatoka ndani ya wingu lenyewe.

Tuanze na kitu kilicho mezani. Hii soda ilitolewa kwenye friji dakika chache zilizopita. Tazameni chupa: inatoka jasho. Maji haya hayakupenya kwenye kioo. Yalikuwa hewani humu ukumbini, yameenea kama mvuke tusioweza kuuona. Hewa iliyogusa chupa imepoa, ikashindwa kuubeba mvuke wote iliokuwa nao, ikaumwaga. Ile nyuzi joto ambayo hewa ikiifikia inaanza kumwaga maji, sisi tunaiita kiwango cha umande. Ukinipa namba mbili tu, joto la hewa na kiwango chake cha umande, nitakwambia mengi kuhusu jioni yako.

Tuseme mchana wa leo joto ni nyuzi 29 na kiwango cha umande ni nyuzi 19. Tofauti ni 10. Kila nyuzi moja ya tofauti ni takriban mita 125 za kupanda. Zidisha, unapata mita 1,250. Hapo ndipo kitako cha wingu kitakapokaa juu ya vichwa vyetu. Mwanafunzi mwenye kipimajoto na kitambaa kilicholowa anaweza kulifanya jaribio hili shuleni, kisha akatoka nje na kutazama milima imefunikwa mpaka wapi. Nimelifanya mara nyingi, na bado hunipa furaha namba za kwenye daftari zinapokubaliana na wingu.

Sasa, kwa nini hewa ikipanda inapoa? Si kwa sababu juu kuna baridi inayoikamata. Inapoa kwa kutanuka. Huko juu mgandamizo ni mdogo, kwa hiyo fungu la hewa linalopanda linajitanua, na kujitanua huko ni kazi, na kazi hiyo hulipwa kwa joto lake lenyewe. Mmewahi kubonyeza pini ya tairi la baiskeli mkahisi ule upepo unaotoka ni wa baridi? Ni jambo hilohilo. Hewa ambayo haijamwaga maji hupoteza karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita moja inayopanda. Namba hiyo ni ileile Mwanza, Muscat na Moscow.

Ikishafika kwenye kitako cha wingu, mambo yanabadilika. Mvuke unaanza kugeuka matone, na mvuke unapogeuka maji unarudisha joto lililotumika kuuvukiza. Sufuria ya maji jikoni inakula kuni nyingi sana kabla maji hayajakauka. Joto lile la kuni halikupotea, limepanda na mvuke. Ziwa letu linafanya hivyo kila siku na jua ndilo kuni zake. Kila kilo moja ya mvuke inayogeuka matone inaachia karibu jouli milioni 2.5. Ndiyo maana ndani ya wingu hewa haipoi tena kwa nyuzi 10 kwa kilomita. Hapa kwetu kwenye joto inapoa kwa nyuzi 4 au 5 tu katika sehemu za chini za wingu. Hewa iliyo nje ya wingu, pembeni, mara nyingi inapoa haraka kuliko hapo. Basi unapata kitu cha ajabu: fungu la hewa limepanda kilomita tano, limepoa sana, lakini bado lina joto kuliko jirani yake. Na likiwa na joto kuliko jirani, ni jepesi, litaendelea kupanda bila kusukumwa na mtu.

Joto kiasi gani? Nyuzi 3 tu zinatosha kutisha. Piga hesabu nami. Kwenye hewa ya baridi ya huko juu, nyuzi 3 zinalipa fungu la hewa msukumo wa kwenda juu wenye nguvu kama sehemu moja ya 90 ya mvutano wa dunia. Ni kidogo. Lakini msukumo huo ukiendelea kwa kilomita tano mfululizo, hewa inafikia mita 33 kwa sekunde, karibu kilomita 120 kwa saa, ikielekea juu. Kwa kweli haifiki huko. Inachanganyika na hewa kavu ya pembeni na inabeba uzito wa maji, kwa hiyo inapata nusu ya mwendo huo au pungufu. Hata nusu ni kasi ya basi la mkoani, limesimamishwa wima. Marubani hulikwepa wingu la radi hata kama limesimama katikati ya njia yao.

Sasa pigeni nami hesabu nyingine, maana hii ndiyo iliyonifanya nilipende somo hili nikiwa kijana. Chukua mvua moja ya kawaida ya jioni, milimita 30, juu ya eneo la kilomita 10 za mraba. Ni maji tani 300,000. Zidisha kwa joto lililoachiwa maji hayo yalipogeuka kutoka mvuke kuwa matone. Ukitaka kuzalisha nishati ya kiasi hicho kwa Bwawa la Julius Nyerere, mitambo yote ikizunguka kwa megawati 2,115 bila kupumzika, utahitaji siku nne. Wingu linaimaliza katika muda usiofika saa moja, juu ya kata moja.

Kama nishati ni nyingi hivyo, mbona hainyeshi kila siku, kila mahali? Kwa sababu mara nyingi kuna kifuniko. Kilomita moja au mbili juu yetu huwa kuna tabaka la hewa yenye joto kuliko hewa inayotaka kupanda. Hewa ya chini ikifika hapo inakuwa nzito kuliko jirani, inarudi. Ni kama maharage yanayochemka chini ya mfuniko mzito. Jua linapiga, unyevu unaongezeka, nguvu inajikusanya, na anga ni jeupe kabisa. Mtu anasema "leo hakuna mvua." Kumbe kinachokosekana ni kitu cha kuusukuma mfuniko mahali pamoja: kilima, upepo wa namna mbili unaokutana, au ukingo wa hewa baridi ya mvua iliyonyesha kijiji cha pili. Mfuniko ukifunuliwa mahali pamoja, nguvu yote ya eneo lile inatokea hapo. Jirani yako kilomita nane kutoka hapo anaendelea kuanika.

Mama yule angekuwapo hapa leo, ningemwambia: umesikia? Maeneo machache ni hapo. Nguvu imeenea kila mahali, matundu ya kutokea ni machache.

Basi kazi inakuwa ni kujua matundu hufunguka wapi na saa ngapi. Na hapa ndugu zangu wavuvi nawaomba masikio yenu yote, maana ziwa letu lina tabia yake.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, na liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Maji hayapati joto haraka na hayapoi haraka. Ardhi ni kinyume chake: saa 8 mchana mchanga wa mwaloni unaunguza nyayo, saa 10 alfajiri umekuwa baridi, wakati maji ukiyagusa saa hiyo unaona kama yamepashwa moto. Mchana, basi, hewa ya nchi kavu inapanda na upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu. Unapopambana na vilima na pepo za mashariki, mawingu yanajengeka juu ya nchi: Mara, Kisii, Kericho, Nandi. Ziwa lenyewe mchana huwa limetulia, lina anga safi. Usiku gurudumu linageuka. Nchi imepoa, ziwa lina joto, upepo unatoka nchi kavu kuingia ziwani. Mabaharia wa pwani wana jina zuri la upepo huo, wanauita umande, ingawa si ule umande wa kwenye chupa. Lakini pwani umande unaelekea bahari isiyo na ng'ambo ya karibu. Sisi ziwa letu limezungukwa. Umande unaingia kutoka Mwanza, unaingia kutoka Musoma na Kisumu, unaingia kutoka Entebbe, unaingia kutoka Bukoba, na wote unakutana katikati. Hewa iliyokutana haina pa kwenda isipokuwa juu. Na hewa hiyo imelala juu ya maji ya vuguvugu usiku kucha, imeshiba mvuke.

Ndiyo maana radi za ziwani zinapamba moto kuanzia saa 9 usiku hadi asubuhi, wakati nchi kavu radi ni za alasiri na jioni. Sasa fikirini dagaa anavuliwa lini. Anavuliwa usiku, mwezi ukiwa gizani, kwa taa. Mtumbwi unatoka jioni anga likiwa safi, unafika kilindini, taa zinawashwa, na saa ileile ambayo nyavu zinavutwa ndiyo saa ambayo pepo zinakutana. Hakuna laana hapo, wala ziwa halina hasira na mtu. Mvuvi na radi wamepangiwa zamu moja. Makadirio yanayonukuliwa mara nyingi yanasema watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa hili, kwa nchi zote tatu. Kila mmoja wenu humu ana jina analolikumbuka nikitaja namba hiyo.

Mwaka 2016 watafiti walioongozwa na Wim Thiery walichapisha katika jarida la Nature Communications jambo ambalo lilinifanya nisimame kwenye kiti. Waligundua kwamba radi za alasiri juu ya nchi kavu inayozunguka ziwa zinatoa dalili ya ukali wa radi za ziwani usiku unaofuata. Wazee wengine mialoni walikuwa wakilisema hilo kwa maneno yao. Sasa limepimwa kwa picha za satelaiti. Walionyesha pia kwamba dunia ikiendelea kupata joto, mvua kali za ziwani zitaongezeka nguvu kuliko za nchi kavu. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja, uwezo wake wa kubeba mvuke unaongezeka kwa karibu asilimia 7, na ziwa halikosi mvuke wa kuipa. Na Januari 2019 ndege ya utafiti kutoka Uingereza ilipita juu ya ziwa hili ikipima pepo hizo za mchana na usiku, na kazi hiyo ikaingia katika juhudi kubwa ya mradi wa HIGHWAY wa kuboresha utabiri wa ziwa.

Kabla sijaendelea, niseme kuhusu radi yenyewe, maana nimeulizwa sana na wanafunzi asubuhi.

Hapa kwetu maji huanza kuganda takriban kilomita tano juu ya usawa wa bahari. Wingu la radi linapita hapo na kwenda mpaka kilomita 15, 16. Ndani yake kuna vipande vya barafu vyepesi vinavyopanda, kuna punje laini za barafu zinazoshuka, na kuna matone ambayo yako chini ya sifuri lakini bado ni maji. Vipande na punje vinagongana mara mamilioni, na kila mgongano unahamisha umeme kidogo. Vyepesi vinakwenda juu na chaji chanya, vizito vinabaki katikati na chaji hasi. Tofauti ikizidi uwezo wa hewa kuizuia, hewa inapasuka. Njia ile ya umeme, nyembamba kama kidole, inafikia karibu nyuzi 30,000, zaidi ya mara tano ya uso wa jua. Hewa inatanuka kwa ghafla, na ule mpasuko ndio ngurumo. Sauti huchukua sekunde tatu kutembea kilomita moja. Ukiona mwanga, hesabu. Ukifika tisa, ziko kilomita tatu, na hizo si mbali. Radi inayofuata inaweza kuwa yako. Chini ya mwembe si mahali pa kujikinga, na kibanda cha nyasi hakikingi kitu. Nyumba imara au gari lililofungwa ndiyo kinga. Mtumbwini hakuna kinga, kwa hiyo kinga ya mvuvi ni kutokuwepo. Walimu, mpira wa jioni usimamishwe ngurumo ya kwanza ikisikika.

Satelaiti iliyohesabu mimweko ya radi katika ukanda wa tropiki na pembezoni mwake kwa miaka 16 ilikuta kinara wa Afrika ni Kabare, mashariki mwa Kongo, mimweko kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kinara wa dunia ni Ziwa Maracaibo huko Venezuela, 233. Na radi za Maracaibo hupiga saa ngapi? Usiku. Ziwa la joto, milima pembeni, pepo za nchi kavu zinazokutana juu ya maji. Wavuvi wa kule na wavuvi wa hapa wangeelewana bila mkalimani.

Mvua ya mawe ni ndugu wa radi. Jiwe la barafu linakua kwa kukusanya yale matone yaliyo chini ya sifuri, likibebwa na upepo unaopanda, mpaka uzito wake unaushinda upepo. Likianguka linapita kwenye hewa ya joto na kuyeyuka. Kericho iko juu, karibu mita 2,000, kwa hiyo jiwe halina safari ndefu ya kuyeyukia, na hewa ya ziwa inawafikia kila alasiri. Kericho imeandikwa kuwa na wastani wa siku 132 za mvua ya mawe kwa mwaka. Katika miaka ya 1960 wenye mashamba ya chai walijaribu hata kurusha maroketi mawinguni ili kulinda majani.

Lakini mawe hayaji milimani tu. Usiku wa Machi 3 kuamkia Machi 4, 2015, pale Mwakata, Kahama, mvua ya mawe na upepo ilibomoa nyumba za udongo watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 40 walifariki. Wengi wao waliangukiwa na kuta. Siwezi kulipitia jambo hili haraka. Wingu lile halikuwa kimbunga, halikupewa jina, halikuonekana likija kwa siku tatu kama vimbunga vya baharini. Lilikuwa wingu la radi, la ukubwa wa wilaya, ambalo lilifanya kazi yake yote katika usiku mmoja.

Na ndani ya tukio kama lile kuna muuaji ambaye wengi hatumtaji: upepo wa mbele ya mvua. Mvua inaposhuka, sehemu yake inavukizwa tena na hewa kavu, na kuvukiza ni kupoza. Hewa iliyopozwa ni nzito, inaanguka pamoja na maji, inagonga chini na kutawanyika pande zote kama maji yaliyomwagwa ndoo nzima sakafuni. Ukingo wake unaweza kwenda kilomita 70 kwa saa, na unaitangulia mvua. Mvuvi anahisi baridi ya ghafla usoni, mvua ikiwa bado mbali, na anadhani ana muda. Hana. Baridi ile ndiyo wingu lenyewe limeshafika.

Mambo haya hayakujulikana kwa kukaa ofisini. Mwaka 1946 na 1947 Horace Byers na Roscoe Braham kule Marekani walipeleka ndege za kivita ndani ya mawingu ya radi, kwa vimo tofauti kwa wakati mmoja, Florida kwanza, kisha Ohio. Waliporudi walikuwa na ramani ya maisha ya wingu: linakua, linakomaa, linakufa. Chumba kimoja cha wingu, yaani mnara mmoja wa hewa inayopanda na kushuka, huishi nusu saa hadi saa moja. Wakati wa kukua, hewa yote inapanda. Linapokomaa, mvua inashusha hewa baridi upande mmoja huku upande mwingine bado unapanda. Mwisho hewa baridi inaukata mlango wa chakula, yaani ile hewa ya joto inayolilisha wingu kutoka chini, na wingu linajiua kwa mvua yake lenyewe. Pale ambapo upepo wa juu ni tofauti sana na wa chini, kama kwenye nyanda za Marekani, mvua huangukia pembeni ya mlango, wingu linaishi saa nyingi, linazunguka, na huko ndiko vimbunga vya nchi kavu huzaliwa. Kwetu, karibu na ikweta, upepo wa juu na wa chini mara nyingi hautofautiani kiasi hicho. Radi zetu huwa za maisha mafupi, ila zinazaana: hewa baridi ya iliyokufa inafunua mfuniko wa jirani.

Sasa nipeni nafasi ya kuwaingiza chumbani kwetu. Tunapima anga kwa puto. Nakumbuka mara ya kwanza nilipolishika moja: mpira mweupe, mwembamba, upana wake kama mikono miwili iliyonyooshwa, unavuta kamba mkononi kama mbuzi anayetaka kwenda malishoni. Chini yake kinaning'inia kisanduku chepesi chenye kipimajoto na kipima unyevu. Unaliachia, linapanda mita tano kila sekunde, na kwenye kompyuta mistari miwili inaanza kujichora, joto na kiwango cha umande, tabaka kwa tabaka. Pale mistari inapogusana kuna wingu. Pale joto linaporudi kupanda kuna mfuniko. Mistari hiyo miwili ndiyo inayonipa ile hesabu ya nyuzi 3. Puto hupasuka likifika kama kilomita 30. Duniani kote huachiwa kwa saa zilezile, kwetu ni karibu saa 9 usiku na saa 9 alasiri, lakini Afrika ina vituo vichache mno vya kazi hiyo, na kati ya kituo na kituo tunalazimika kukisia.

Kisha kuna rada. Rada inapiga wimbi, matone yanarudisha mwangwi. Tone lenye upana mara mbili ya jingine linarudisha mwangwi mara 64, kwa hiyo rada inaona mvua kubwa vizuri kuliko manyunyu. Inatambua pia kama matone yanakuja au yanakwenda, kama sikio linavyotambua pikipiki inayokuja na inayopita. Udhaifu wake ni kwamba dunia ni mviringo. Kilomita 200 kutoka kwenye rada, mwale wake uko zaidi ya kilomita tatu juu ya maji, na upepo unaopindua mtumbwi uko chini ya hapo.

Na kuna modeli za kompyuta. Zinaigawa anga katika visanduku na kupiga hesabu ya kila kimoja. Kisanduku kikiwa kikubwa kuliko wingu, kompyuta hailioni wingu, inalikadiria tu. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza ina modeli ya Afrika ya tropiki yenye visanduku vya kilomita 4.4, na hapo mawingu ya radi yanaanza kuonekana yenyewe. Hata hivyo kuna ukuta. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, akijaribu kurudia hesabu yake, aliingiza 0.506 badala ya 0.506127. Akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa ya kompyuta yake ilikuwa imekwenda njia nyingine kabisa. Kosa dogo linakua. Kwa mfumo mkubwa wa hewa kosa huchukua siku nyingi kukua. Kwa wingu moja la radi linakua ndani ya saa chache. Ndiyo sababu leo asubuhi naweza kukwambia kwa uhakika kwamba usiku ziwa litakuwa na nguvu, na siwezi kukwambia itafunukia mbele ya Ukerewe au mbele ya Kome. Nikikutajia mwalo tangu asubuhi nitakuwa nimekudanganya, hata kama kwa bahati nimepatia.

Nikisema uwezekano ni asilimia 30, nina deni: katika siku kumi nilizosema hivyo, mvua inyeshe kama siku tatu. Ikinyesha siku saba, nimekosea. Ikinyesha siku sifuri, nimekosea. Tunajihesabu hivyo kila mwezi.

Kwa mama yule, basi, jibu langu ni hili. Asubuhi mimi nakupa nguvu iliyopo na saa yake. Kuanzia alasiri macho yako yanachukua zamu. Wingu lililokuwa kama pamba likianza kuota shingo na kichwa kama koliflawa ngumu, yenye kingo kali, linakua. Kichwa kikitandazika juu kama fuawe, limekomaa. Ukiona hivyo upande upepo unakotoka, dagaa wafunikwe, usisubiri tone la kwanza. Kwa mvuvi: alasiri ikiwa na radi nyingi upande wa Mara na Kisii, usiku uhesabiwe kuwa mzito kabla taa hazijawashwa. Na simu iwe na chaji, maana saa 8 usiku mimi naona kwenye rada kitu ambacho asubuhi sikuweza kukijua.

Kabla sijaja hapa nimepita ofisini. Saa 7 mchana joto lilikuwa nyuzi 29, kiwango cha umande 19. Mfuniko ni mwembamba. Upande wa mashariki wa ziwa vichwa vya mawingu vimeshaanza kutandazika. Mwezi uko gizani, najua wengi wenu mmeshapanga kutoka. Usiku wa leo, kuanzia saa 9 hadi saa 3 asubuhi: mvua, ngurumo za radi na upepo mkali, katika maeneo machache ya ziwa, zaidi katikati na kusini.